Taa ya kijani ya Somoe: nilivyomsubiri msichana wa Lindi kwenye waya ulioishia ukuta wa choo

Wakuu, salaam kwenu wote, wa jikoni na wa ofisini.

Naanza na ujinga wenyewe, ili mtu asisome mpaka chini halafu aseme nimemzungusha. Niliwahi kukaa karibu mwaka mzima mbele ya kompyuta hapa Kilwa Masoko, nikisubiri jina la msichana litokee kwenye kioo. Msichana mwenyewe yuko Lindi. Waya wa kompyuta yangu ulikuwa unaishia kwenye ukuta wa choo.

Hii sio chai. Ningekuwa natunga, ningejitungia nafasi nzuri zaidi ya hiyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kilwa Kisiwani naiona kila nikienda ferini kununua samaki, na nimeikanyaga mara moja tu, tena kwa msiba, nikarudi kabla ya chakula. Nangurukuru kwangu ni safari ya kuaga watu. Form four niliimaliza hapahapa, matokeo yakaja yale ambayo mzazi anauliza halafu anabadilisha mada mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile biashara zimeachiwa, kila mtu anauza anachotaka. Mitumba imejaa, redio za kaseti kila kibaraza, na kompyuta kuukuu za Ulaya zimeanza kuteremka kusini. Simu za mkononi tulizisikia ziko Dar. Huku kwetu aliyekuwa nayo aliivaa kiunoni kama pambo, maana mtandao ulikuwa hausomi.

Basi akaja Mwalimu Bosco, Mmakonde wa Newala, akapanga chumba nyuma ya soko, akaweka mashine chache na kibao: MAFUNZO YA KOMPYUTA. Intaneti hakuna. Ila mashine zote alizifunga kwa nyaya za bluu zinazokutana kwenye kidude kimoja pembeni, kinawakawaka taa.

Mama akalipa ada. Alisema bora nikakae mbele ya kompyuta kuliko kukaa mbele yake.

Huko ndiko nilikomkuta Somoe.

Kwao Kiranjeranje, baba yake mkulima wa ufuta. Masoko alikuwa anakaa kwa dada yake. Alikaa mashine ya dirishani, mimi ya ukutani, na kwa mdomo tulikuwa tunasalimiana kama watu waliokutana ofisi ya ardhi. "Habari." "Nzuri." Basi, siku imeisha.

Siku moja Mwalimu Bosco akatufundisha programu ya kutumiana ujumbe humo humo darasani. Naomba nieleze kidogo, kwa sababu kila kitu kimetokana na hapa.

Ile programu ukiifungua haikuulizi anwani ya mtu wala namba yake. Unaandika jina lako tu. Yenyewe inapiga ukelele kwenye waya: mimi fulani nipo, nani mwingine yupo? Mashine nyingine zilizoifungua zinaitika. Majina yanajipanga pembeni, kila moja na kitaa cha kijani, na kengele inalia kila linapoingia jipya. Mtu akifunga mashine, jina lake linaondoka. Hujamtafuta mtu, hujajiandikisha popote. Mnaonana tu.

"Ni hodi," Mwalimu alisema. "Mgeni anapiga hodi mlangoni, waliomo ndani wanaitika. Hahitaji kuwa na majina yao."

Akaendelea kueleza. Hapo hapo kioo changu kikalia. Jina: Somoe.

"Mwalimu anasema nini sasa hivi?"

Nikaandika, "Anasema mambo ya waya. Hayatuhusu."

"Una uhakika?"

"Nikudanganye mimi?"

Naomba hilo neno "hayatuhusu" mlishike. Nalilipia mpaka leo.

Tangu siku ile, wakuu, mimi nikawa mtu mwingine. Kwenye ile programu nilikuwa mwepesi, mcheshi, na maswali ninayo. Somoe akaniandikia, "Nikikuangalia kwa macho unakuwa bubu. Humu unaongea kama dalali wa minazi." Nikamjibu bubu ndiye anayefikiri. Akaniambia basi nifikiri nikiwa nimechomekea shati, maana nyuma linaning'inia.

Nikachomekea.

Kuna alasiri moja darasa limebaki sisi wawili na Mwalimu anasinzia. Mvua inapiga bati, hakuna anayesikia kitu. Tumekaa hatua chache, tumepeana migongo, tunaandikiana. Aliniuliza kama nimewahi kutamani kuishi sehemu nyingine. Nikaandika hapana. Akaandika, "Hata kama mimi niko huko?"

Nilikaa na swali lile mpaka mvua ikakata. Sikujibu. Nilijua lipo, nitalijibu kesho, mtu mwenyewe si yupo dirishani.

Kumbe mjomba wake alikuwa amemtafutia kazi Lindi, steshenari moja yenye kompyuta, kuchapa barua za watu. Wiki iliyofuata anaondoka.

Stendi nilimpelekea flopi. Vijana wa sasa hamuijui: kisahani cha plastiki cha kuhifadhia kazi za kompyuta, kikubwa kama kipande cha mkate. Nilikuwa nimeinakili humo ile programu.

Somoe akauliza, "Barua je?"

Nikamwambia barua hapana. Huko Lindi barua zake zote zingepitia sanduku la mjomba wake, na mjomba wake alikuwa anasoma za watu kabla ya zake. Simu ya steshenari ilikuwa ya tajiri, anaipokea mwenyewe.

"Sasa tutaongeaje?"

"Weka hii kwenye mashine ya kazini. Kila siku ukishaswali alasiri, ifungue. Mimi nitakuwa nimefungua. Haihitaji anwani, itanitafuta yenyewe."

"Hata kutoka Lindi?"

"Hata kutoka Uarabuni."

Alinitazama kama mtu anayetaka sana kuamini. Halafu akaifunga ile flopi kwenye pindo la kanga, fundo lile ambalo akina mama hufungia hela, akapanda gari.

Nikarudi nyumbani natembea kama niliyevumbua kitu.

Kuanzia hapo nikamwomba Mwalimu Bosco niwe msaidizi wake. Nafagia, nafunika mashine, naonyesha wapya kibonye cha kuwashia. Mama akauliza nalipwa nini. Nikasema uzoefu. Mama akasema uzoefu tutaupika na nazi.

Kila alasiri nilikuwa nimekaa. Naandika jina, nafungua, nasubiri.

Kengele inalia. Moyo unapanda. Ni Hamisi wa mashine ya pili.

Kengele inalia. Ni Hamisi tena, alijikwaa kwenye waya.

Nikawaza, huenda Lindi umeme umekatika. Nikawaza, huenda tajiri wake mkali. Masoko nako jenereta lilikuwa linazimika likitaka, kwa hiyo nikawaza tunapishana: yeye anafungua mimi nimezimikiwa, mimi nafungua yeye amezimikiwa. Mtu akishaamua kusubiri, wakuu, sababu hazimwishii.

Halafu nikapata akili, au nilivyoiita. Kama kitu cha kwanza atakachokiona ni jina langu, basi jina lenyewe liwe ujumbe. Hata akiingia kidogo na kutoka, awe amelisoma. Nikaanza kujiita "Somoe_nipo". Kesho yake "Somoe_mvua_imeanza". Baadaye "Somoe_nimechomekea".

Shida ni kwamba darasa zima lilikuwa linaona. Wanafunzi wakija wanafungua programu kwanza wasome habari. Hamisi alikuwa anaingia anauliza kwa sauti, "Jamani, Somoe leo kaambiwa nini?" Mmoja anasoma, wengine wanaitikia, "Aaa, hongera zake."

Siku moja kengele ikalia, nikatazama. Jina: Somoe. Kitaa cha kijani.

Ujumbe ukaja: "Habari za Masoko?"

Nikaandika. Wakuu, niliandika. Nilimjibu lile swali la siku ya mvua, kwamba nimefikiri, na kama yeye yuko Lindi basi hata Lindi pana samaki. Niliandika kwamba dirishani pale sasa anakaa mwanafunzi mwenye kikohozi, na kila akikohoa nageuka nikidhani ni yeye anacheka. Nikabonyeza.

Mara nyuma yangu mtu akakohoa kwa makusudi, na darasa zima likaanguka chini. Hamisi alikuwa amejibadilisha jina.

"Kaka," akasema anafuta machozi, "umenigusa. Mimi nimekubali."

Nilicheka nao, maana ningefanya nini. Lakini lile jibu, wakuu, nilikuwa nalo moja tu, na nilikuwa nimempa Hamisi.

Nyumbani mama alikuwa ameshanisoma. Jioni moja anapepeta mchele akasema, "Mtoto wa watu kama unamtaka si useme. Tutume mtu Kiranjeranje kwa baba yake."

Na mtu wa kutumwa alikuwepo: Mama Salima, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mkaanga mihogo, mdomo wake unajulikana mpaka Kivinje. Yeye ni mtani wetu kwa upande wa bibi, kwa hiyo ananitukana kihalali toka natambaa. Kwa mambo ya posa hakuna kama yeye. Mama alikuwa ameshamdokeza.

Nikamwambia mama, "Subiri kwanza. Akitokea nitamuuliza mwenyewe."

"Akitokea wapi?"

"Utaona tu mama."

Mama hakubisha. Akaenda kumwambia Mama Salima kwamba mwenyewe anasema bado. Niliona nimefanya jambo la kisasa, la kumsikiliza msichana kwanza. Na bado naona ni jambo jema, ila ilitakiwa msichana naye awe anasikia.

Ukaja mwezi wa Ramadhani, ikaja Idi, ufuta ukavunwa. Kitaa hakijawaka.

Mwisho Mwalimu Bosco akaamua kuhamisha kituo, wanafunzi walikuwa wamepungua. Jioni tunafungasha. Akakunja nyaya, akafika kwangu, mashine bado inawaka na jina langu siku hiyo lilikuwa "Somoe_tunahama".

"Unamsubiri nani hapo?"

Nikamweleza. Flopi, Lindi, alasiri, yote.

Nilitegemea acheke. Hakucheka, na hapo ndipo nikaanza kuogopa.

Akawasha mashine yake mwenyewe, akafungua programu. Jina lake likaja kwangu: Bosco. Akachomoa waya wake kwenye kile kidude cha taa. Jina likaondoka. Akachomeka, likarudi. Akachomoa tena, akaushika ule waya mkononi kama mtu ameshika mkia.

"Hodi yako inafika mwisho wa waya huu," akasema. "Ukuta ule wa choo. Pale basi. Aliye nje ya waya hasikii, hata awe jirani na kelele zenyewe. Kati ya hapa na Lindi kuna waya gani?"

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia. Siku ileile ya kwanza. Wewe na Somoe mlikuwa mnacheka."

Kesho yake nilipanda gari la Lindi. Mama alidhani nimeugua. Njia ya siku hizo mnaijua wenyewe, tope la Kiranjeranje tulishuka wote tukasukuma, nikafika nimefanana na barabara. Shati nilikuwa nimechomekea.

Steshenari niliipata karibu na stendi. Somoe alikuwa amekaa anachapa. Akainua macho, akasimama.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Wewe?"

Akanitolea kiti. Akanipa kitambaa nifute uso. Tukasalimiana tena vile vya ofisi ya ardhi, habari, nzuri, mpaka nikashindwa, nikasema, "Somoe, ile programu haifiki. Nimeambiwa jana. Inaishia kwenye waya wa chumba."

Akageuka akaitazama mashine yake.

"Nilikuwa naifungua," akasema. "Kila alasiri. Nikaona jina lako haliji, nikajua umekaa nyumbani umenisahau. Nikajua ndivyo ulivyo."

"Nilikuwa nafungua mimi pia. Mpaka jina nilikuwa nabadilisha, nakuandikia humo."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na mimi," akasema.

Wakuu, alikuwa anafanya vilevile. Hakuna aliyemfundisha. "Leo_joto". "Nimechoka". "Nimeota_mvua".

Tofauti ilikuwa moja. Kwenye waya wake kulikuwa na mashine nyingine moja tu, ya Rashidi wa fotokopi.

"Nikiandika nimechoka, Rashidi analeta chai," alisema. "Nikamwambia sikukuandikia wewe. Akasema, kwa hiyo chai niimwage? Nikacheka." Akawa anakunja kona ya karatasi. "Ametuma shangazi yake Kiranjeranje. Baba amepokea."

"Na wewe?"

"Niliomba wanipe mpaka Ijumaa, ndipo nikakubali. Wiki ile yote jina langu lilikuwa moja, sikulibadilisha."

"Uliandika nini?"

"'Uko_wapi'."

Nilijaribu kukumbuka wiki hiyo mimi nilijiita nani. Nafikiri ilikuwa "Somoe_paka_amezaa".

Rashidi akaingia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini jamaa alinipa mikono miwili. "Ndiye wewe wa Masoko? Nimekusikia sana. Kaka, karibu soda." Akaniletea ya baridi kabisa. Nilitamani iwe ya moto, angalau niondoke na la kulalamika.

Wakati naaga, Somoe alifungua droo akanionyesha flopi. Bado ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kanga, vumbi limekaa kwenye mikunjo. Hakunirudishia na mimi sikuiomba. Akairudisha, akafunga droo taratibu.

"Ungekuja hata mara moja," akasema. "Hata ukakosea duka."

Kurudi, gari lilisimama Kiranjeranje watu wanunue korosho. Sikushuka. Nilitazama nyumba zilizo kando ya barabara nikijiuliza ipi ni ya baba yake, ambako Mama Salima angekuwa ameshakaribishwa mkeka.

Nilikuja kuoa, alhamdulillah, tena mtaa huuhuu, na mama watoto anaijua habari hii. Akininunia ananiita Taa ya Kijani. Sina la kumlaumu mtu. Ila alasiri ikiadhiniwa huwa nasimama kidogo nilipo, kama mtu aliyesikia hodi nyumba ya pili na hana hakika kama ni kwake.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Juzi Mama Salima, sasa mtu mzima lakini mihogo bado anakaanga, alikuja kibarazani na simu aliyonunuliwa na wajukuu. Anataka nimrushie video ya harusi ya mjukuu wake. Nikamfungulia simu yake, nikafungua yangu, zikaanza kutafutana. Mara kwenye kioo changu jina likajitokeza lenyewe: Mama Salima. Amekaa ubavuni kwangu, na simu inaniarifu kwamba yupo.

Nikacheka peke yangu. Akauliza nini. Kwa mara ya kwanza nikamsimulia yote, mpaka paka.

Nilichojifunza mimi, na kila mtu achukue chake: kitu kikikuambia kitakutafutia mtu chenyewe, uliza kinatafuta mpaka wapi. Na nyie mnaokodolea macho "online" na "last seen" za watu mkizisoma kama ramli, mimi nimewatangulia, tena bila bando. Aliyewahi kumsubiri mtu mahali ambapo hawezi kufika aweke hapa chini, tuchekane. Wataalamu wa mitandao nanyi semeni, kuna namna yoyote ingefika Lindi? Nasubiri majibu, kusubiri mnajua naweza.

Nawaachia maneno ya Mama Salima kama alivyoyasema, baada ya kunisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya:

"Kumbe ndiyo maana. Mimi nilishafua kanga zangu niende Kiranjeranje kukuposea, nikaambiwa bado, nikakaa nazo mpaka zikapauka. Wewe ulikuwa unasubiri taa iwake. Mwenzio alituma shangazi. Haya, nirudishie simu yangu, mihogo inaungua."